Kiboksi cha kutuma alamu kwenye peja: nimekaa nacho miezi minane, sifa zake na vituko vyake

Nianze na hili maana najua kuna mtu ashaanza kucheka: ndio, peja. Zile zile za kubana kiunoni, vidude vya kupokea meseji fupi kwa redio. Na si kwamba sijui kuna simu, ninayo simu, hata wewe unaenisoma hapa unayo simu, ila jengo letu lina ghorofa mbili chini ya ardhi na kuta za zege nene ambazo ukishuka tu simu inabaki kuwa tochi, alafu vitu vyote vinavyoweza kuniharibia usiku viko huko huko chini: mafriji ya chanjo, pampu za maji, jenereta, chumba cha betri. Peja tunazo na transmita, mtambo wa kurusha meseji hewani, ni yetu wenyewe, iko juu ya paa, masafa tumepewa leseni yake, hatumsubiri mtu wa mtandao wa simu arekebishe mnara wake ndo sisi tujue friji limezima. Kilichokuwa kinakosekana ni kitu cha katikati, kitu cha kukaa kule chini, kuona tatizo, na kumwambia transmita "waamshe". Ndo kiboksi nachokiongelea. Jina la kampuni sitalitaja kwa sababu vituko vingine nitakavyosimulia vilikuwa vyao, vingine vyangu mwenyewe, na vingine hata sasa hatujakubaliana ni vya nani.

Kiboksi chenyewe hakina makeke. Ni chuma, ukubwa wa kitabu kinene, kinafungwa ukutani. Mbele kina kioo kidogo cha mistari miwili na taa za kijani na nyekundu, chini kina sehemu nane za kuingizia waya za alamu, mbili za sensa za joto, relei (swichi za umeme) mbili za kutoa, poti moja ya siriali (waya wa kizamani wa kupitisha data biti moja moja), poti moja ya mtandao, na ndani kuna betri yake ndogo ya akiba. Vibanio vya waya ni vya skrubu na unaweza kuchomoa kipande kizima ukafunga waya ukiwa umekaa mezani, alafu ukarudi kukichomeka, hapo mtu aliyekitengeneza alishawahi kulala chali chini ya meza akiwa na bisibisi mdomoni, namshukuru popote alipo. Kitabu cha maelekezo sasa… kurasa 140, na kurasa unayoihitaji haipo. Ntarudi huko.

Waya. Hapa ndo nilipoanza kuharibu na siwezi kumlaumu mtu. Mashine nyingi, jenereta, friji kubwa, paneli ya pampu, zina relei ya alamu, yaani miguso tu isiyo na umeme wake, inafunga au inafungua. Kuna upande wa NO (kawaida uko wazi) na upande wa NC (kawaida umefungwa). Mi nikafunga zote upande wa NO, mguso uko wazi siku zote, tatizo likitokea unajifunga, kiboksi kinaona, kinatuma. Nikajaribu moja moja, zote zikafanya kazi, nikajipongeza. Wiki ya tatu fundi wa mabomba akapitisha bomba lake kwenye ile ile njia ya waya zangu, akaikata ya pampu namba 2 bila kujua, na kiboksi kikaendelea kuwaka kijani kibichi kabisa kama hakuna lililotokea, kwa sababu kwake yeye waya uliokatika na pampu iliyo salama ni kitu kimoja, vyote ni "wazi". Tuligundua kwa bahati tu, wakati wa kusafisha tenki.

Kwa iyo nikarudia zote upande wa NC. Sasa hali ya kawaida ni mguso uliofungwa, umeme mdogo unazunguka muda wote, waya ukikatika, skrubu ikilegea, panya akila, mzunguko unakatika na alamu inapiga. Kiboksi kinakubali pia ile ya kuweka rizista mbili mwisho wa waya, kule kwenye mashine yenyewe sio kwenye kiboksi (nimeona watu wanaziweka kwenye kiboksi, hapo hujafanya kitu), basi kinaweza kutofautisha alamu ya kweli, waya uliokatika na waya zilizogusana. Kwa friji za chanjo nimeweka hivo. Kwa kitabu cha maelekezo hii habari iko ukurasa wa 97, ndani ya jedwali, maandishi madogo. Ilitakiwa iwe ukurasa wa kwanza na kwa wino mwekundu.

Sensa za joto nazipa sifa. Chanjo nyingi zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8, na shida ya kuweka sensa ndani ya friji ikining'inia hewani ni kwamba sista akifungua mlango akachagua chupa anayoitaka kwa dakika moja hewa inapanda hadi 11 na wewe huku unaamshwa bure. Dawa yake ni kuichomeka ncha ya sensa ndani ya kichupa cha glaikoli. Kile kimiminika kinapanda na kushuka polepole kama chanjo yenyewe inavyofanya, kwa iyo unachopima ni hali ya chanjo, upepo wa mlango hauhesabiki. Sensa hizi ncha yake ni nyembamba ya chuma, inaingia vizuri, na nyuzi zikilinganishwa na kipimajoto chetu chenye cheti zilitofautiana 0.2 tu. Hapo sina neno.

Sasa tuje kwenye siriali, usiku wa siriali.

Kiboksi kinaweza kuongea na transmita kwa njia mbili tatu. Kuna TAP, itifaki ya kizamani ya waya wa siriali ambayo karibu kila mtambo wa peja unaielewa. Kuna SNPP, hiyo inapita kwenye mtandao wa kompyuta, poti 444, amri zake unaweza hata kuziandika kwa mkono, PAGE, MESS, SEND, ukajibiwa kwa namba. Transmita yetu ni ya umri wa heshima, inajua TAP basi. Na kwa kuwa yenyewe iko juu ya paa na kiboksi kiko chini kabisa, tuliweka kidude cha kubadilisha, siriali inatoka kwenye kiboksi kwa njia ya mtandao, kule juu kidude kinairudisha kuwa siriali na kuingia kwenye transmita. Kikumbuke hicho kidude, tutakutana nacho tena.

TAP kwa kifupi ni mazungumzo. Upande mmoja unabisha hodi, transmita inajibu ID=, unajitambulisha kwa herufi PG1, inakuruhusu, unatuma namba ya peja na meseji na hesabu ndogo ya uhakiki mwishoni, inakujibu imepokea au rudia. Mambo ya heshima kabisa. Sisi tulibisha hodi tukajibiwa hivi kwenye laptopu:

ÉD½

Kijana ninaefanya nae kazi akanyoosha shingo, "kaka, hiyo lugha gani?" Nikamwambia kaa hapo tutajua. Tukabadilisha kebo. Tukabadilisha spidi, ikawa takataka zaidi. Tukarudisha 1200. ÉD½. Saa nne usiku, saa tano, chai imepoa. Mpaka nilipoangalia ile D katikati nikasema subiri, D ni sahihi, ID= ina D katikati, mbona yenyewe imefika salama na wenzake wa pembeni wamevurugika? Ndo ikanijia: TAP inatumia biti 7 na biti ya nane ni ya pariti shufwa, sisi tumeseti biti 8 bila pariti. Herufi ambayo biti zake za 1 ni witiri inaongezewa 1 juu ili ziwe shufwa, na laptopu yetu inaisoma hiyo 1 kama sehemu ya herufi. I ina tatu, ikageuka É. Alama ya = ina tano, ikageuka ½. D ina mbili, haikuongezewa kitu, ikapita kama ilivyo. Kubadilisha setingi moja, 8N1 (biti 8 bila pariti) kuwa 7E1 (biti 7 na pariti shufwa), na ile ID= ikatokea imenyooka kama imepigwa pasi. Nilipiga meza. Kwenye kiboksi setingi ya kiwandani ni 8N1 hata ukichagua TAP, yaani unakiambia utaongea na transmita ya peja kwa itifaki ambayo inajulikana dunia nzima kuwa ni 7E1 na chenyewe kinakuacha uende na 8N1 bila hata kukohoa. Nyota nusu nimeikata hapo hapo.

Na kuna jambo watu wanalielewa vibaya, hata mi mwanzoni. Lile jibu la "imepokea" ni la transmita. Linamaanisha transmita imeichukua meseji kwenye foleni yake. Halimaanishi peja imepata, halimaanishi mtu amesoma. Peja zetu ni za kupokea tu, hazina mdomo, haziwezi kurudisha neno. Mtu akiwa ameiacha kwenye droo, betri imekufa, kwenye kumbukumbu ya kiboksi inasomeka "imetumwa, sawa". Kumbukumbu zote zinaonekana safi na hamna mtu anayekuja.

Peja zenyewe zikatuletea mchezo mwingine. Kila peja ina namba yake ya anwani, wenyewe wanaiita kepkodi, tarakimu 7, kwa POCSAG haziwezi kuzidi 2097151. POCSAG ndo mfumo wa kurusha meseji za peja uliotoka kwa watu wa posta Uingereza zaidi ya miaka 40 iliyopita na bado uko hai, spidi zake ni 512, 1200 na 2400, (FLEX ya Motorola ilikuja baadae miaka ya 90, ina kasi zaidi, sisi hatuna). Peja na transmita lazima zikubaliane spidi, kinyume chake peja inakaa tu kama jiwe. Na ukishalingana spidi na anwani bado kuna kitu kidogo cha biti mbili kinachoambatana na anwani, kinachoiambia peja hii meseji ni ya namba au ya maandishi. Kwa kawaida 0 ni namba na 3 ni maandishi. Peja ya sista wa zamu ilikuwa imeprogramiwa kufuata hivo, kiboksi kikawa kinatuma 0, kwa iyo meseji "FRIJI 2 JOTO 9.1" kwake ilifika kama msururu wa tarakimu, herufi U, vistari na mabano. Akanipigia simu ya mezani, "Fundi, hii peja yako imenitukana?" Nikamwomba radhi kwa niaba ya peja.

Kitu kizuri, peja moja inaweza kubeba anwani kadhaa. Tumeipa kila moja anwani yake binafsi na anwani ya kundi, kwa iyo alamu kubwa inatumwa mara moja tu hewani na wote wa kundi wanatetemeka kwa pamoja. Meseji ya herufi 40 kwa spidi ya 1200 inachukua kama sekunde 1 na nusu kutoka, kwa 512 inapita sekunde 3. Ukituma kwa watu kumi mmoja mmoja kwa 512 yule wa mwisho unamchelewesha nusu dakika. Lakini pia 512 inapenya vizuri zaidi kwenye maeneo magumu, tulijaribu zote mbili tukitembea na peja mkononi kila kona, ngazi, lifti, nyuma ya jenereta, na kule kwenye chumba cha betri 1200 ilikuwa inakuja na herufi zilizoliwa wakati 512 ilifika nzima. Tukabaki na 512 na anwani ya kundi. Betri hata usiulize, AA moja inakaa wiki kadhaa, kwa sababu peja haisikilizi muda wote, ujumbe wa hewani umegawanywa mafungu 8 na kila peja inajua fungu lake kutokana na anwani yake, inaamka kwenye fungu lake inachungulia, hamna kitu, inalala tena.

Kuandika meseji ni sanaa nyie. Kiboksi kinakupa herufi 80 kwa kila alamu na meseji ya kiwandani ni "INPUT 3 ALARM STATE ACTIVE", sasa mtu saa nane usiku na macho yamefumba anajua 3 ni nini? Tumeandika: mahali kwanza, kitu, tatizo, kipimo. "CHINI-2 FRIJI CHANJO JOTO 8.6". Ile sehemu ya kipimo inajijaza yenyewe, hiyo nimeipenda sana maana 8.6 unavaa viatu, 14 unakimbia bila viatu. Kioo cha peja kinaonyesha mstari wa kwanza bila kubonyeza chochote, kwa iyo la muhimu liingie mwanzo. Na tafadhali msiweke majina ya wagonjwa wala namba za milango yenye siri, POCSAG haina ufunguo wowote, inarushwa wazi, mtu mwenye kidude cha USB cha kunasa redio na programu ya bure kama multimon-ng anasoma kila kitu akiwa amekaa sebuleni kwake. Nilijaribu mwenyewe kwa peja zetu wenyewe. Dakika ishirini ilitosha, na nusu ya muda huo nilikuwa natafuta antena.

Mwezi wa pili tukapata gharika. Umeme ulikuwa unakatika na kurudi, kukatika na kurudi, na kila ukikatika kiboksi kinatuma "umeme umekatika", "jenereta imewaka", "pampu 1 imesimama", "pampu 2 imesimama", na ukirudi kinatuma nne nyingine za kusema hali imetulia. Ndani ya robo saa peja yangu ilipokea meseji 43. Wale wanaoandika miongozo ya alamu viwandani wanasema zaidi ya alamu 10 kwa dakika 10 kwa mtu mmoja ni mafuriko, hawezi kuzifuatilia, na kweli, baada ya ya kumi na kitu niliacha kuzisoma, nikaitia peja mfukoni. Katikati ya hizo 43 kulikuwa na moja ya friji. Niliiona asubuhi. Chanjo ilisalimika kwa sababu lile friji ni zuri na halikuvuka nyuzi 8 kwa muda mrefu, ila mi nilikaa kimya kwenye kiti dakika kadhaa nikitafakari.

Bahati nzuri kiboksi kina vifaa vya kutibu hilo, ila vyote vinakuja vimezimwa. Kuna kuchelewesha: alamu ya umeme isubiri sekunde 60, maana jenereta ikiwaka yenyewe mapema kuliko hapo sina haja ya kuamka. Kuna mwanya wa kupumulia kwenye joto: piga ikivuka 8, ila usiseme imetulia mpaka ishuke chini ya 7, la sivyo joto likicheza kati ya 7.9 na 8.1 utapigiwa ngoma usiku kucha. Kuna kufungamanisha: umeme ukiwa umekatika, usiniambie kila pampu kivyake, nimeshaelewa. Na kuna ngazi za uzito, tumeweka friji na moshi pekee kwenye mlio wa juu, mengine yanatetemesha tu. Kazi ya jioni mbili. Sasa kwa wiki napata meseji tano, sita, na kila moja naisoma.

Haya, kile kidude cha juu ya paa.

Mwezi wa nne umeme ulikatika jioni na safari hii jenereta haikuwaka. Kiboksi kina betri yake, kikaendelea kuishi. Transmita ina betri zake kubwa, ikaendelea kuishi. Katikati yao kulikuwa na kile kidude cha kubadilisha mtandao kuwa siriali, kimechomekwa kwenye soketi ya kawaida ya ukutani, soketi ambayo mi mwenyewe kwa mikono yangu niliichagua kwa sababu ilikuwa karibu. Umeme ukaenda, kidude kikaenda nacho. Kiboksi kikabisha hodi, kimya. Kikabisha tena, mara tano, ndo idadi iliyosetiwa. Alafu kikaandika kwenye kioo chake kidogo, kwa ustaarabu wote, TUMA IMESHINDWA, ndani ya chumba kilichofungwa na kufuli, gizani, ghorofa mbili chini ya ardhi, kikijisomea chenyewe. Yaani kengele ya umeme kukatika ilinyamazishwa na umeme kukatika. Nilijua kwa sababu nilikuwa bado sijaondoka, taa zilizimika juu ya kichwa changu na peja kiunoni ikatulia tuli.

Tangu siku hiyo kila mtu akiniuliza kuhusu mifumo hii namuuliza swali moja: chenyewe kikifa, utajuaje? Peja isiyolia inaweza kumaanisha kila kitu kiko salama, na inaweza kumaanisha hakuna kinachofanya kazi, na kwa kuitazama tu huwezi kutofautisha. Na si sisi wadogo tu. Tarehe 19 Mei 1998 setilaiti ya Galaxy IV, iliyokuwa inabeba meseji za peja, ilipoteza mwelekeo na Marekani peja nyingi sana zikanyamaza kwa mpigo, za madaktari zikiwemo, na peja iliyonyamaza haina namna ya kumwambia mwenye nayo kuwa imenyamaza.

Dawa yake kwenye kiboksi ipo, inaitwa meseji ya uhai. Unaseti kila baada ya muda fulani kinatuma "NIPO" kwenda kwa mtu wa zamu, kwa njia ile ile ya alamu, hatua kwa hatua, kiboksi, mtandao, kidude, transmita, hewa, peja. Isipofika, mtu wa zamu anaanza kutafuta. Hapo nikamwambia yule kijana aweke saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, zamu zinapobadilishana. Akaweka 12:00 na 00:00. Si kosa lake, alisikia kumi na mbili akaandika kumi na mbili, na kiboksi hakijui kuhesabu saa kwa Kiswahili. Usiku wa saa sita kamili peja zote zikalia NIPO, nikashtuka kitandani nikadhani jengo linaungua. Ni 06:00 na 18:00 jamani, andikeni ukutani.

Pia kina kupandisha ngazi. Alamu nzito ikitoka, mtu wa zamu ana dakika 10 kwenda kubonyeza kitufe kwenye kiboksi au kuingia ukurasa wake wa ndani na kuthibitisha, akikaa kimya inaenda kwa wa pili, dakika 10 nyingine, inaenda kwa bosi. Tangu bosi aamshwe mara moja saa tisa usiku, dakika kumi zimekuwa zinatosha kabisa. Kwa vile peja haina mdomo, hii ndo njia pekee ya kujua kuna binadamu amepokea, na kwa maoni yangu hii peke yake inahalalisha kununua kiboksi badala ya kuunga relei moja kwa moja na transmita kama tulivokuwa tunafanya zamani.

Malalamiko mengine kwa haraka. Saa ya ndani inakimbia, dakika mbili tatu kwa mwezi, mpaka uiunganishe na seva ya muda, na hiyo pia imezimwa kiwandani. Neno la siri la kiwandani ni lile lile kwa kila kiboksi na hakikulazimishi kulibadilisha, ukikiweka kwenye intaneti ya wazi umejitakia, chetu kiko kwenye mtandao wa ndani tu. Mlango wa akiba, yaani njia ya pili ya kutuma ya kwanza ikifeli, upo, mzuri, unaweza kufunga relei ya kutoa ikawasha king'ora na taa nyekundu kwa mlinzi mlangoni, ila hakuna anayekwambia, niliukuta nikiwa natafuta kitu kingine, ukurasa wa 121. Huduma kwa wateja walinijibu siku ya nne na jibu lilikuwa "tafadhali soma kitabu cha maelekezo".

Japani kampuni ya mwisho ya peja ilizima huduma mwaka 2019, kwa iyo sijidanganyi, kuna siku hata transmita yetu itakosa spea. Kiboksi kinajua pia SNMP (lugha ya kusimamia vifaa vya mtandao) na kinaweza kutuma barua pepe, basi siku hiyo ikifika waya zangu za chini hazitaguswa.

Nyota ngapi? Nne kasoro. Sensa, vibanio vya waya, kupandisha ngazi, meseji ya uhai, hizo ni nyota tano. Setingi za kiwandani na kile kitabu nimezikatia moja na ushee. Kama una transmita yako na mtu mmoja asiyeogopa jioni tatu za kuumiza kichwa, chukua. Kama unategemea kukichomeka na kuondoka, acha.

Kidude cha juu ya paa sasa kiko kwenye UPS (betri ya akiba) moja na transmita, plagi yake nimeizungushia utepe mwekundu na kuandika USICHOMOE. Kila Ijumaa nazima soketi ya ukutani kwa makusudi nikiwa nimeshika peja mkononi, nahesabu sekunde. Ijumaa iliyopita nilifika 71.